Nasaba za Mayahudi: Dini Ilivyotunza Majina ya Wazee

Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Lakini tukiulizana wenyewe kwa wenyewe barazani, ni wangapi miongoni mwetu wawezao kuitaja asili hiyo kwa majina? Mwulize kijana wa leo wa Mombasa, Lamu au Malindi yeye ni nani, atakujibu kuwa ni fulani bin fulani. Mwulize babu yake, atamtaja. Ukimwuliza baba wa babu atafikiri kidogo. Ukipanda daraja moja tena atatabasamu na kukwambia, “Hayo wayajua wazee.” Na wazee ndio hao tunaowazika kila uchao.

Sasa tuwatazame watu wengine. Yuko Yahudi leo katika mji wa New York au Buenos Aires ambaye wazee wake walitoka Poland kwa meli zaidi ya miaka 100 iliyopita. Kijiji walichotoka hakina tena hata Yahudi mmoja. Nyumba zilitwaliwa, sinagogi lilichomwa, na jamaa waliobaki nyuma waliuawa na majeshi ya Hitler. Hata hivyo, mtu huyo akikaa kitako akatafuta kwa subira, huenda akapata majina ya wazee wake hadi kizazi cha sita au cha saba. Si wote wapatao, lakini wapatao si haba.

Siri yao ni nini? Wengine watasema ni mali, wengine watasema ni mashine za kisasa. Mali na mashine zimesaidia, hatukatai. Lakini mwenye kuchungua ataona kuwa mashine hazikuwa na la kusoma kama hapangalikuwa na kitu kilichoandikwa, na kilichoandikwa kiliandikwa kwa sababu ya dini. Hao wazee hawakukusudia kuwaachia wajukuu historia. Walikusudia kumtii Mola wao, na historia ikabaki nyuma yao kama unyayo ubakiavyo mchangani.

Najua kuwa likitajwa neno Yahudi katika baraza zetu mazungumzo huhamia Palestina papo hapo, na si bure. Jambo hilo nami nitaligusa mbele. Lakini dola ni kitu kimoja, na dini na mila za watu ni kitu kingine. Na Qurani yenyewe imewaita hao watu wa Kitabu. Tena tulifunzwa chuoni kuwa hekima ni kitu kilichompotea Muumini, popote akionapo hana budi kukiokota. Basi tuokote.

JINA LA MTU

Tuanze na jina. Katika mambo ya dini Yahudi huitwa kwa jina lake na jina la babake, kama sisi. Moshe ben Avraham kwao ndiye Musa bin Ibrahimu kwetu. Kwa karne nyingi hilo liliwatosha, wengi wao hawakuwa na jina la ukoo. Serikali za Ulaya ndizo zilizowalazimisha, kwa sababu zilitaka kodi na askari: Austria mwaka 1787, Ufaransa ya Napoleon mwaka 1808, Prussia mwaka 1812. Kwa hivyo mtafutaji anayeng'ang'ania jina la ukoo peke yake hufika mwanzo wa karne ya 19 akagonga ukuta. Anayejua kusoma majina ya kidini huuruka ukuta huo.

Tena kuna ada ya kumwita mtoto. Mayahudi wa Ulaya ya kati na mashariki, waitwao Ashkenazi, hawamwiti mtoto kwa jina la jamaa aliye hai. Humwita kwa jina la aliyekufa ili jina lifufuke. Wale wa asili ya Uhispania na wengi wa nchi za Waarabu, waitwao Sefardi, hufanya kama sisi: mjukuu hupewa jina la babu na babu angali amekaa mkekani anamtazama. Jambo hili laonekana dogo, lakini lina faida kubwa. Mtafutaji akiona kuwa katika ukoo wa Ashkenazi mtoto aliyezaliwa mwaka 1890 aliitwa Moshe kwa jina la babuye, basi ajua kuwa babu huyo alikufa kabla ya mwaka huo, hata kama hakuona cheti cha mauti. Lakini akiitumia kanuni hiyo kwa Sefardi, atamzika mtu aliye hai.

Kuna na mtego mwingine. Mtu mmoja alikuwa na majina mawili, la sinagogi na la sokoni. Aliyeitwa Yehuda katika dini aliitwa Leib nyumbani, maana yake simba, kwa kuwa katika Taurati Nabii Yaakub alimfananisha mwanawe Yehuda na simba. Akihamia Ufaransa au Marekani, huyo Leib huweza kuwa Leon au Louis. Asiyeijua Taurati ataona watu watatu katika daftari, anayeijua ataona mtu mmoja. Na hapa nifute uvumi mmoja: wengi husimulia kuwa makarani wa Ellis Island, bandari ya wahamiaji ya New York iliyofunguliwa mwaka 1892, waliwabadilisha watu majina kwa kutoyasikia vyema. Sivyo. Makarani hao walisoma orodha za abiria zilizoandikwa kule meli zilikong'oa nanga. Waliobadilisha majina, aghalabu, ni wenyewe baadaye, ili wapate kazi au wasichekwe.

Aliyesilimu kwetu mara nyingi huitwa bin Abdalla. Kwao anayeingia katika dini huandikwa mwana wa Ibrahimu, yaani Nabii Ibrahimu mwenyewe. Basi jina la baba katika waraka si lazima liwe la mzazi, huenda likawa ni mlango ambao mtu aliingilia.

JIWE LA KABURI

Tukitoka katika jina twaenda makaburini. Jiwe la kaburi la Kiyahudi lina ilimu ambayo vitabu vya serikali mara nyingi havina. Laandikwa jina la maiti, na mara nyingi jina la babake, na siku aliyokufa kwa tarehe ya Kiebrania. Hivyo jiwe moja hukupa vizazi viwili. Likichorwa viganja viwili vilivyoinuliwa, aliyelala hapo ni Kohen, mtu wa ukoo wa makuhani unaojinasibu na Nabii Haruni. Likichorwa birika, ni Mlawi, kwa kuwa Walawi ndio wanaowaosha makuhani mikono kabla ya kuwaombea watu baraka. Ukuhani hupita kwa baba kwenda kwa mwana. Basi picha ya viganja katika jiwe la mjukuu ni shahidi juu ya baba wa babu.

Tarehe nayo yataka mtu aliyesoma, na hapa sisi wa vyuoni twawatangulia wengi. Mayahudi huandika hesabu kwa herufi, na mpango wao ni ule ule wa abjadi tuliokariri kwa bakora: alifu moja, bee mbili, jimu tatu, hadi kafu 20, kafu nzito mia, na ree mia mbili. Hadi mia nne hesabu zetu na zao ni moja. Ukiona jiwe lenye herufi zao za tee, ree na sini, jumla ni 400 na 200 na 60, yaani 660. Elfu tano huachwa, kwa kuwa kila mtu azijua. Mwaka wenyewe ni 5660. Chukua 660 uongeze 1240, utapata 1900. Lakini tahadhari: mwaka wao huanza Septemba au Oktoba, kwa hivyo aliyekufa katika miezi ya mwanzo ya 5660 alikufa mwaka 1899. Kosa la mwaka mmoja huweza kumfanya mtoto azaliwe baada ya mamake kufa.

Siku ya kufa huwa haisahauliki, kwa sababu kila mwaka ikirudi jamaa huwasha taa nyumbani na mwana humsomea mzazi wake dua sinagogini. Hauli zetu twazifanyia mawalii na mashekhe wakubwa, kama ile ya Habib Swaleh kule Lamu. Wao kila mchuuzi na kila fundi wa viatu ana siku yake ya mwaka. Ndiyo maana familia iliyopoteza kila karatasi bado yaweza kujua kwamba babu alikufa siku ngapi za mwezi gani.

KARATASI ISIYOTUPWA

Sasa tuje katika karatasi. Ndoa ya Kiyahudi ina hati iitwayo ketubah, ambayo huandikwa majina ya bwana na bibi harusi pamoja na baba zao, mahali, siku, na haki ya mke akiachwa au akifiwa. Mwenye kuona cheti cha ndoa cha kadhi hataona ugeni.

Lakini ajabu kubwa kupita zote ilitoka Misri. Sheria yao yakataza kuharibu maandishi yenye jina la Mungu. Karatasi ikichakaa huwekwa mahali hadi izikwe. Na sisi je? Tulilelewa kuwa karatasi yenye jina la Mwenyezi Mungu haitupwi jaani. Huzikwa, ama huchomwa kwa heshima. Mwaka 1972 mafundi waliokuwa wakitengeneza Msikiti Mkuu wa Sana'a, Yemen, walikuta darini kurasa nyingi za misahafu ya kale zilizohifadhiwa kwa heshima hiyo hiyo. Katika sinagogi la Ben Ezra, mjini Fustat, palikuwa na chumba cha namna hiyo kiitwacho geniza. Watu wakatia humo karatasi kwa karne nyingi, si za dini tu, bali kila kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania: barua za biashara, hati za ndoa na talaka, madeni, wosia, hata hesabu za dukani. Mwaka 1896 mwanachuoni Solomon Schechter alikwenda huko akachukua vipande karibu 193,000 na kuvipeleka Cambridge, Uingereza.

Barua nyingi katika hizo lugha yake ni Kiarabu, herufi zake ndizo za Kiebrania. Nani atalifahamu jambo hilo upesi kuliko Mswahili, ambaye wazee wake waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu? Mwanachuoni S. D. Goitein alizisoma karatasi hizo miaka mingi, na kutoka kwake na kwa wenziwe twajua habari za mfanya biashara mmoja, Abraham Ben Yiju, mtu wa Mahdiya, Tunisia, aliyevuka bahari yetu hii ya Hindi akakaa Mangalore katika karne ya 12. Mwaka 1132 alimwacha huru mjakazi wa Kihindi jina lake Ashu. Mwaka 1149 alirejea Aden, akamwandikia nduguye aliyekuwa Sicily kuwa anataka bintiye aolewe na mwana wa nduguye huyo kuliko mgeni. Na mwaka 1156 binti huyo aliolewa na binamuye huko Fustat. Tazama msomaji: monsuni, Aden, mjakazi aliyeachwa huru, ndoa ya mabinamu. Kisa hiki kingeweza kuwa cha nyumba yoyote ya Lamu au Pate. Tofauti ni kuwa chao kimebaki, na vyetu vingi vimekwenda na mchwa.

WALIOFUKUZWA HUKUMBUKA

Baada ya vita vya pili vya dunia, ambamo Mayahudi milioni sita waliuawa, waliosalia walikaa pamoja kwa miji yao na kuandika vitabu vya ukumbusho. Watu wa mji mmoja walichora kwa kukumbuka ramani ya mitaa, wakataja nani alikuwa muoka mikate na nani alikuwa mwalimu, wakaorodhesha waliokufa. Vitabu hivyo ni mamia. Mjini Jerusalem taasisi ya Yad Vashem hukusanya kurasa za ushahidi, ambapo jamaa huandika jina la aliyeuawa, wazazi wake na mahali alipozaliwa. Majina yaliyokusanywa yamepita milioni 4.8. Asiye na kaburi alipewa ukurasa.

Hapa ndipo ninapotimiza ahadi yangu. Mwaka 1948 Wapalestina zaidi ya 700,000 walifukuzwa au walikimbia makwao, na mamia ya vijiji vyao yakabomolewa. Nao walifanya nini? Walitunza funguo za nyumba na hati za mashamba, kisha wakaanza kuandika vitabu vya vijiji: ramani za kukumbuka, koo, visima, majina ya mashamba. Mwaka 1992 Walid Khalidi na wenzake walitoa kitabu kikubwa cha vijiji hivyo, All That Remains, kimoja baada ya kimoja. Ukiviweka vitabu vya hawa na vya wale juu ya meza moja, utadhani vimeandikwa na ndugu. Na katika vita vya Gaza vilivyoanza Oktoba 2023, nyumba zilizoangushwa ziliua mababu, wana na wajukuu wa familia moja pamoja, na Msikiti Mkuu wa Omari, uliokuwa na maktaba ya hati za kale, ulibomolewa Desemba mwaka huo. Inasikitisha kuwa watu walioujua zaidi ya wengine uchungu wa jina kufutwa, dola iliyoundwa kwa jina lao haikuliona hilo kwa jirani. Lakini funzo lenyewe halibatiliki: anayetaka kuwamaliza watu huanza kwa nyumba na kumaliza kwa karatasi, na anayetaka kubaki, hana budi kuandika.

DAMU HAINA JINA

Siku hizi vijana husema haya yote ya nini, mtu atatema mate katika kichupa apelekewe jibu. Mwaka 1997 wataalamu walitangaza katika jarida la Nature kuwa wanaume wanaojiita Kohen, wa Ashkenazi na Sefardi, hushirikiana alama za damu za upande wa baba kuliko Mayahudi wengine. Wengi walistaajabu kuona masimulizi ya mdomo yamepata shahidi. Lakini watafutaji wao wenyewe hutahadharisha: kwa kuwa Ashkenazi walioana wao kwa wao kwa karne nyingi, kipimo humwonyesha mtu maelfu ya jamaa, na wa mbali huonekana wa karibu. Koo zetu zioanazo mabinamu zitapatwa na lilo hilo.

Sisi pia tumepimwa. Mwaka 2023 jarida hilo hilo lilitoa uchunguzi wa mifupa ya watu 80 wa miji ya kale ya pwani, ikiwamo Manda, Mtwapa na Kilwa. Ilionekana kuwa wengi walikuwa na asili ya Kiafrika, hasa kwa upande wa mama, na ya Kiajemi kwa upande wa baba, na mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000. Waliozicheka hadithi za Washirazi walinyamaza kidogo. Na waliojidai hawana Uafrika walinyamaza zaidi. Lakini hakuna mfupa hata mmoja uliosema, “Mimi ni fulani binti fulani.” Damu haina jina. Jina hutunzwa na watu.

TUFANYE NINI

Mtume wetu (S.A.W.) ametuhimiza tujifunze nasaba kwa kiasi cha kutuwezesha kuunga jamaa. Angalia sababu: ni kuunga, si kujivuna. Mayahudi nao walikuwa na maradhi hayo ya kupimana kwa ukoo wakati wa kuposa, na sisi tunayo. Wako miongoni mwetu ambao nasaba zao zilikatwa kwa nguvu, wazee wao wakaletwa pwani kwa minyororo na kupewa majina mapya. Mwenye shajara ndefu asiitumie kuwapiga hao. Bali ikiwa nyumba yake ina karatasi ya kuacha mtumwa huru, aitoe, kwani huenda ndiyo waraka wa pekee wenye jina la babu wa jirani yake.

Tunazo nyenzo, msomaji. Ndoa za Kiislamu zimekuwa zikiandikishwa kwa sheria nchini Kenya tangu 1906. Mashamba ya pwani yalidaiwa kwa sheria ya hati za ardhi ya 1908, na wenye kudai walitaja baba na warithi. Vyuo vya Riyadha, Lamu, vimepigwa picha vikahifadhiwa. Yaliyobaki yamo masandukuni mwetu na katika vifua vya mabibi. Na si mchezo. Tumeona mirathi ikipotea kwa kukosa shahidi wa nasaba, shamba la wakfu likiuzwa kwa kuwa hapana ajuaye waliowekewa, na kijana akiulizwa vyeti vya babu kabla ya kupewa kitambulisho, akakosa la kujibu katika mji aliozaliwa babu huyo.

Marehemu bibi yangu alikuwa na kisanduku cha msaji chenye barua za babake kwa herufi za Kiarabu. Tulipozifungua baada ya matanga, zilikuwa unga. Nilikuwa nimekaa naye miaka 20, nami nilijua kusoma herufi hizo, wala sikumwomba hata siku moja anifungulie. Simlaumu mchwa.

Basi anayesoma haya na mamake yu hai, asingoje Idi. Achukue daftari leo baada ya alasiri, akae naye, aulize jina moja moja, alikozaliwa na alikozikwa. Nami namwachia ubeti huu:

La babu jina lipate, wangali hai wazee,
Uandike usisite, ukoo uendelee,
Waraka usiufute, utunze usipotee,
Makaburi uyapite, usome usichelee.